Wanaotaka kurusha gemu Nyanda za Juu Kusini waanze na kurekodi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuzungumze na vijana wanaotaka kurusha gemu mtandaoni, na pia na wale wanaowauzia vifaa. Kuanzia Tunduma mpaka Iringa swali linalofika kwa fundi ni moja: ninunue nini ili niende laivu? Jibu letu huwaudhi wengi. Usiende laivu kwanza. Rekodi, kata vipande vizuri, kisha pandisha video usiku mtandao ukitulia. Kwa umeme na intaneti tuliyonayo huku, anayerekodi anapata picha safi kwa kompyuta ile ile ambayo mwenzake anayerusha mubashara anailaani kila jioni.

Tuanze na bando, maana ndilo linalowamaliza watu. Kasi inayosifiwa kwenye matangazo ni ya kupakua. Laivu inakula kasi ya kupakia, ambayo kwenye mtandao wa simu huwa ndogo zaidi, na hupanda na kushuka kadiri watu wa mtaa wanavyoingia mtandaoni. Ukipima saa nne asubuhi pale Uyole ukapata megabiti nane, usijenge hesabu juu ya namba hiyo kama mechi yako ni saa mbili usiku. Pima saa ile ile utakayorusha, siku tofauti, chukua namba ndogo kuliko zote, igawe kwa mbili. Hiyo nusu ndiyo bitireti yako, yaani kiasi cha data unachotuma kila sekunde.

Hesabu ya bando lenyewe haihitaji mtaalamu. Jumlisha bitireti ya picha na ya sauti kwa kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa moja. Picha 2,500 na sauti 128 ni 2,628, kwa hiyo saa moja inakula MB 1,183, na mechi za saa tatu zinapita GB tatu na nusu. Ukipanda hadi 6,000, kiwango ambacho Twitch, mtandao wa kurushia gemu, huwashauri warushaji wasikivuke, ukaongeza sauti ya 160, saa moja ni GB 2.8 hivi. Data hiyo inakwenda hata kama anayekutazama ni binamu yako peke yake. Sasa rekodi saa zile zile tatu bila kugusa bando, kata dakika 12 zenye mabao na vituko, zitoe kwa kilobiti 8,000: faili lina MB 720 tu, na picha haina vile vijisanduku vinavyoganda kwenye nyasi kila kamera inapogeuka.

Ndiyo maana tunasema pesa ya kwanza isiende kwenye kamera ya uso wala taa za rangi. Iende kwenye umeme na sauti.

Programu ya kutumia ni OBS Studio. Ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2012, inapatikana kwa Windows, Mac na Linux, na anayekuuzia kwenye flashi anakuuzia kitu ambacho hakukinunua. Tangu toleo la 28 la mwaka 2022 inataka Windows 10 au ya mbele yake, yenye biti 64. Mwenye mtumba wa Windows 7 abaki na toleo 27.2.4.

Ukiifungua mara ya kwanza, kagua aina ya faili kabla ya kitu kingine chochote. Ukirekodi kwa MP4 ya kawaida, programu huandika mwongozo wa faili mwishoni, pale unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika dakika ya 50, mwongozo haujaandikwa. Faili lipo, lina GB zake, lakini programu za kawaida hazitalifungua. Chagua MKV, na umeme ukikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Baadaye nenda menyu ya File, bonyeza Remux Recordings, na MKV inageuka MP4 bila kupoteza ubora na bila kusubiri sana, kwa sababu picha haichakatwi upya. Kuanzia toleo 30.2 ipo pia MP4 ya aina ya Hybrid inayostahimili kukatika ghafla. Ni nzuri, ila mwenye toleo la nyuma MKV inamtosha.

Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, yaani betri ya akiba. Ile ya VA 650 haikuletwa kumalizia mechi, inakupa dakika chache za kusimamisha rekodi na kuzima kwa utaratibu, basi. Mwenye laptopu ana betri, lakini rauta yake haina. Kabla ya kununua UPS ndogo ya rauta soma lebo ya adapta: volti, ampea, na upande upi wa pini ni chanya. Rauta ya volti 12 ukiilisha volti 9 inaweza kuwasha taa kama kawaida kisha ikajizima na kujiwasha, nawe utashinda unalaumu mtandao. Na radi zikianza, kama zile za Rungwe na Njombe, kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Chomoa plagi, chomoa na waya wa dishi au antena nyuma ya TV, kwa kuwa umeme wa radi unaweza kuingia kwa waya huo, ukapita kwenye TV, ukafuata HDMI mpaka kwenye laptopu.

Tuje kwenye kapcha kadi, kifaa cha kuingiza picha ya mashine ya gemu kwenye kompyuta, ambako ndiko watu wanakouziwa maneno. Kile kidude kama flashi, tundu la HDMI upande mmoja na USB upande wa pili, kimeandikwa 4K kwenye boksi. 4K hiyo ni ya kuingia. Kinachotoka kwenda kwenye kompyuta ni 1920 kwa 1080, fremu 30 kwa sekunde, tena imebanwa kwa MJPEG. Piga hesabu mwenyewe: picha ya 1080 yenye fremu 30 isiyobanwa, biti 16 kwa kila pikseli, inahitaji karibu megabiti 995 kwa sekunde, wakati ukomo wa USB 2.0 ni 480. Haipiti. Rangi ya buluu ndani ya plagi si ushahidi wa USB 3.0, plastiki ya buluu ni plastiki tu. Chungulia ndani: USB 3.0 ya kweli ina pini tisa, nne mbele na tano nyuma yake. Jaribio la hakika zaidi ni kwenda dukani Mwanjelwa au popote unaponunua ukiwa na laptopu, ukafungua OBS, ukaongeza Video Capture Device, ukaweka 1920x1080 na aina ya picha YUY2, ile isiyobanwa. Ikikupa fremu 5 tu kwa sekunde, hiyo ni USB 2.0, hata muuzaji aape kwa mizimu ya kwao.

Hatusemi usiinunue. Kwa anayeanza inafaa, ilimradi uilipie bei yake na si bei ya 4K. Iwekee 1280x720, MJPEG, fremu 60, maana kwenye gemu la mpira fremu 60 za 720 zinaonekana vizuri kuliko 30 za 1080: shuti likipigwa unauona mpira ukisafiri badala ya kuuona mguuni halafu wavuni. Sauti yake mara nyingi huingia kama mono, jambo ambalo watazamaji wengi hata hawatalijua. Kasoro kubwa ni ucheleweshaji. Ukicheza huku unaangalia dirisha la OBS, kidole kinabonyeza sasa na mchezaji anapiga pasi baadaye kidogo, kiasi cha kukufungisha. Weka spilita ya HDMI yenye njia mbili, ile inayochomekwa umeme wake wa volti 5: njia moja iende TV ya kuchezea, nyingine kapcha kadi. Spilita isiyo na umeme wake ndiyo chanzo cha picha inayokuja na kupotea.

PS4 ikileta skrini nyeusi kwenye OBS lakini TV inaonyesha, si ubovu. Ni HDCP, kinga ya kuzuia kunakili filamu. Kwenye PS4 nenda Settings, System, toa alama kwenye Enable HDCP. Kwenye PS5 iko ndani ya Settings, System, HDMI. Ukishaizima, programu za filamu kama Netflix hazitacheza mpaka uirudishe. PS3 haina mpangilio huo kwenye HDMI, kwa hiyo inabidi kutumia waya wa komponenti. Mwenye PS4 asisahau pia kwamba mashine yenyewe inarekodi kwa batani ya SHARE: dakika 15 zilizopita kwa mpangilio wa kiwandani, na unaweza kuongeza mpaka 60. Kwenye PS4 ya kawaida ni 720 kwa fremu 30. Kwa kijana anayetaka kuonyesha bao moja kwenye status, hiyo tu inatosha na hajanunua kitu.

Mabanda mengi ya mitaani lakini bado yanaendeshwa na PS2, na hapa ushauri wa mitandao ya nje hausaidii sana kwa sababu huko wameshaisahau. Kifaa chake ni EasyCap, waya wa AV unaoingia USB: njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Mashine nyingi za huku ni za PAL, mmoja wa mifumo ya picha ya TV, kwa hiyo kwenye OBS chagua PAL, 720 kwa 576, fremu 25. Picha ikija nyeusi na nyeupe, au ikapanda juu kama pazia, umechagua mfumo usio wake, na diski za kuchoma za Kimarekani au Kijapani mara nyingi hutaka NTSC. Halafu tazama mchezaji anayekimbia pembeni. Ukiona miguu yake imechanika kuwa mistari ya mlalo kama meno ya chanuo, ni kwa sababu PS2 inatuma nusu ya mistari kwa zamu. Bofya kulia juu ya chanzo hicho, chagua Deinterlacing, kisha Yadif 2x. Meno yanaondoka na mwendo unakuwa wa fremu 50, mradi OBS yenyewe umeiweka kwenye fremu 50 na si 30. Na tafadhali msivute picha ijaze skrini pana. PS2 nyingi zimepangwa nne kwa tatu, na ukiivuta kila mchezaji anakuwa bonge. Acha pembeni kuwe na weusi, au weka hapo jina la banda na matokeo.

Kwa simu mambo ni mepesi. Android 11 na kuendelea ina kirekodi cha skrini ndani yake, na sauti ya ndani ya gemu imeruhusiwa kunaswa tangu Android 10. Zima arifa kwanza, la sivyo meseji ya mkopo itaonekana na dunia nzima. Mwenye kompyuta ajaribu scrcpy, programu ya bure inayoleta skrini ya simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB baada ya kuwasha USB debugging. Tangu toleo la 2.0 inaleta na sauti kwa simu za Android 11 kwenda juu. Tatizo ambalo watu hawalielewi ni sauti kutofautiana na mdomo kadiri video inavyosonga. Simu hurekodi fremu zisizolingana, mara 28, mara 31, na programu ya kuhariri inadhani zote ni 30. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, weka fremu 30 na uchague Constant Framerate, ndipo uhariri.

Turudi kwenye OBS. Kwa kurekodi usitumie bitireti ya kudumu. Tumia CQP, namba inayoshikilia ubora badala ya bitireti, kati ya 20 na 23 kama una enkoda (kibanaji cha picha) ya kadi ya grafiki, yaani NVENC ya NVIDIA, Quick Sync ya Intel au AMF ya AMD. Namba ikishuka ubora unapanda, na faili linavimba. Asiye na enkoda hizo atumie x264, inayobana kwa prosesa, kwa CRF (namba yake ya ubora) hizo hizo na presetu, yaani kiwango cha kasi, ya veryfast. Hakuna haja ya kununua SSD kwa ajili ya kurekodi: hata kilobiti 40,000 kwa sekunde ni MB 5 tu kwa sekunde, na hadi diski ya kawaida yenye afya inaziandika huku inasinzia. Ila ni GB 18 kwa saa, kwa hiyo nafasi ndiyo ya kuhesabu.

Picha ikianza kuruka, wengi wanakimbilia kununua RAM. Fungua kwanza dirisha la Stats. Kuna mistari mitatu pale na kila mmoja ni ugonjwa wake. Rendering lag ikipanda, gemu limeibana kadi ya grafiki kiasi kwamba OBS haipati zamu: funga gemu kwenye fremu 60, punguza vivuli, na ufungue OBS kwa Run as administrator ili Windows iipe kipaumbele. Encoding lag ikipanda, enkoda imezidiwa. Hama kutoka x264 kwenda enkoda ya kadi, au shusha picha hadi 720, au fremu hadi 30. Ukibaki na x264, shuka kutoka veryfast hadi ultrafast ukijua ubora utapungua. Dropped frames ni mtandao, na hapo hata ungenunua kompyuta mpya usingepona. Shusha bitireti, au toka kwenye Wi-Fi uingie waya. Anayetumia simu kama modemu achomeke USB badala ya hotspoti, maana hewa ya hosteli yenye rauta kumi ina kelele nyingi. Anayerekodi bila kurusha hana ugonjwa huo wa tatu kabisa, na huo ni ushahidi mwingine wa hoja yetu.

Laptopu zenye kadi mbili za grafiki huleta skrini nyeusi bila sababu inayoonekana. Sababu ni kwamba OBS inatumia kadi moja na gemu linatumia nyingine. Kwenye Windows nenda Settings, System, Display, Graphics, ongeza OBS. Ukitaka kunasa gemu kwa Game Capture iweke High performance, ukitaka kunasa skrini nzima iweke Power saving. Fungua upya.

Sauti ni nusu ya kazi, na huku kwetu adui wake ni bati. Mvua ya Tukuyu ikianza kwenye nyumba isiyo na dari, hakuna kichujio kitakachoiondoa. Noise Suppression ya RNNoise iliyomo ndani ya OBS inaondoa feni na mlio wa jokofu vizuri sana, lakini mvua kubwa ikichanganyika na maneno inaondoka na maneno pia. Dawa ni kutenganisha: rekodi gemu lenyewe sasa, weka maelezo ya mdomo baadaye kukiwa kimya. Hata ukizungumza papo hapo, OBS ina njia sita za sauti. Weka gemu njia ya pili, maiki njia ya tatu, na ikiharibika moja unaifuta bila kugusa nyingine.

Kuhusu maiki, jihadharini na BM-800 inayouzwa ikiwa na waya wa kuchomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Ni kondensa, inataka volti 48, na tundu la laptopu halina. Itasikika kwa mbali ikiwa na mvumo, utaongeza sauti, na mvumo utaongezeka. Inahitaji kiboksi chake cha umeme. Kwa banda lenye makelele, maiki ya dainamiki ya kushika mkononi, kama zile za kwaya, ikiwa na kiolesura kidogo cha USB (kiboksi cha kuingiza sauti kwenye kompyuta), ni bora mara nyingi zaidi: sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, kwa ubavu kidogo ili pumzi isiipige. Mita ya maiki igote kati ya desibeli -20 na -10, gemu libaki chini yake. Ukisikia mvumo usiokatika, chomoa chaja ya laptopu kwa sekunde chache. Mvumo ukipotea, kosa ni umeme usio na ethi, si maiki.

Kitu kingine kinachowaangusha wenye mabanda ni muziki. Redio ikipiga Bongo Fleva nyuma ya mechi, Content ID ya YouTube itaitambua, na mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo. Nyimbo za menyu za magemu ya mpira nazo zimo. Zima muziki kwenye mipangilio ya gemu, acha sauti ya uwanja.

Wapo ambao lazima waende laivu, mfano mwenye banda anayeandaa fainali ya mtaa. Huyo athibitishe chaneli ya YouTube kwa namba ya simu mapema, kwa sababu ruhusa ya kwanza inaweza kuchukua mpaka saa 24, na kurusha kwa simu kunadai wafuatiliaji 50. Bitireti iwe ya kudumu, fremu kuu (keyframe) kila sekunde 2, picha 720 kwa fremu 30, kilobiti 2,000 hadi 2,500. Kwenye Advanced, sehemu ya Network, washa ule mpangilio unaoshusha bitireti wenyewe mtandao ukibanwa. Afanye jaribio la dakika kumi kwa video isiyoonekana hadharani, siku iliyotangulia, saa ile ile. Na abonyeze pia Start Recording: mtandao ukikata, mechi yote inabaki kwenye diski.

Mwisho ni wachezaji wenyewe. Tangu Julai 2025 YouTube hairuhusu aliye chini ya miaka 16 kurusha peke yake. Kama banda lina watoto wa shule, akaunti iwe ya mtu mzima, naye aonekane kwenye picha pamoja nao muda wote, la sivyo soga ya laivu inaweza kufungwa katikati ya mechi.

Mafundi wa kompyuta na sauti,
Mwanjelwa, Mbeya